Cheti Kiko kwa Rispah

Beldina, jirani yangu wa chumba cha pili hapa Al-Mahjar, Jeddah, anasema mume wangu alipiga magoti Riyadh mbele ya karani wa mambo ya ikama, kile kibali cha kuishi huku Saudia, foleni nzima ikimtazama. Ati karani alimwambia, mke uliyemleta kwa viza ya kutembelea hajatoka nchini, na ikama yake hukuimaliza, kwa hivyo hata yako haifanywi upya. Siku hiyo Beldina alikuwa hapa Jeddah, akipiga pasi nguo za watu Al-Rawdah. Hata hivyo nilimwacha asimulie mara mbili. Ilikuwa tamu.

Danson, huyo mume wangu, ni msimamizi wa ghala kule Al-Sulay, Riyadh. Kafili wake, mwajiri anayemdhamini, alimkubalia akae na mke, nami nikaja kwa viza ya miezi mitatu, anifanyie ikama nikiwa huku. Kilichotakiwa ni cheti chetu cha ndoa chenye mihuri yote. Kila nikimwuliza, jibu lilikuwa moja: "Nafuatilia. Wewe vumilia." Nikavumilia. Viza ikaisha, nikawa mtu wa kukaa ndani na kushtuka mlango ukigongwa. Siku moja natafuta sindano kwenye begi lake, nikakuta cheti, mihuri yote ipo, bado kiko kwenye bahasha aliyotumiwa na kaka yangu. Hakikuwa kimefika ofisi yoyote. Alitaka nichoke, nijisalimishe nirudishwe kwetu, yule Stacy, mwanamke wake wa pembeni, aingie mahali pangu.

Jioni alirudi kutoka kazini. Nilimsongea ugali, nikamwangalia akila mpaka akamaliza. Asubuhi alipoenda kazini nilichukua cheti na pasipoti yangu, nikapanda lori la Mkenya mwenzetu hadi Jeddah. Hiyo ni miezi saba sasa. Tarehe ya ikama yake kuisha nilikuwa nimeisoma kwenye kadi. Sikuwa na haja ya kumfanyia ubaya wowote. Ilikuwa ni kungoja tu.

Jana akaja, shati limekunjamana kwa safari ya basi. Nilikuwa nimekaa kwenye godoro nikichagua maharagwe kwenye sinia, na cheti kiko chini ya godoro hilohilo.

"Mama Ashley."

"Karibu, Msimamizi. Kiti hakuna."

Akabaki mlangoni. "Zimebaki siku nne. Nipe cheti nimalize ikama yako. Zikipita, tunarudishwa sisi sote."

"Mimi nilishazoea hofu ya kurudishwa. Umenifundisha mwaka mzima. Kwani Stacy hana cheti?"

"Stacy alipata mtu mwingine."

Upande wa pili wa pazia linalotenga vyumba vyetu Beldina akakohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

"Pole," nikamwambia. "Vumilia."

Akasema polepole, "Na Ashley? Tukirudi sote mikono mitupu, mama yako atamlisha nini?"

Hapo alinipata. Mwanangu ana miaka sita, na anayemlea ni mama yangu. Nilitazama viatu vya Danson, vimejaa vumbi la Riyadh, nikaona hata sasa ametumia jina la mtoto kama ufunguo.

Akanyoosha mkono.

"Nipe basi, Rispah. Utanitesa baadaye, nikiwa bado na kazi."

Nilivuta sinia karibu, nikaendelea kuokota mawe kwenye maharagwe, cheti kikiwa palepale chini yangu.