Kisanduku cha Kaka

Sauti ya kaka yangu ilinijia mchana kweupe, saa ambayo wafu wenye adabu huwa wamelala.

Nilikuwa mezani sebuleni, naisafisha tovuti ya programu yetu kabla ya toleo jipya kutoka. Ni programu huria ya kuwasomea wasioona maandishi kwa sauti; yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuirekebisha na kuigawa bila kumlipa mtu. Kaka ndiye aliyeianzisha, na sauti iliyokuwa ikisoma ni yake. Kwenye ukurasa wa mbele aliweka kisanduku: andika sentensi, bonyeza, uisikie. Kwa uvivu wake alikiacha kihifadhi sentensi ya mwisho, yeyote aliyeiandika, popote alipo. Mimi nilibonyeza tu kukijaribu.

"Mama, nimefika," akasema kaka.

Mwili ulinisisimka. Kaka alikufa njiani, kwenye ajali ya basi. Nyumbani kwetu msafiri akifika hupiga simu kabla hata ya kuvua viatu, na siku ile mama aliingoja simu hiyo mpaka ikapigwa na mtu mwingine. Tangu hapo mlango wa mbele haujafungwa kwa komeo. Tunalala umerudishiwa tu, na hakuna anayethubutu kuuliza.

Niliifuta sentensi. Kesho yake ikarudi. Nikafuta tena, ikarudi tena, bila nukta wala herufi kubwa. Woga ukageuka hasira. Mimi ndivyo nilivyo, nikiogopa natafuta wa kumgombeza. Nikampigia mratibu wetu, ambaye tunamwita Mzee Jana kwa sababu kila kazi anaitaka jana.

"Kuna mtu kwenye timu anachezea msiba wangu," nilimwambia. "Mwambie mzaha mzaha hutumbuka usaha."

"Jamani dada, nani afanye hivyo? Kaka yako tulimpenda wote." Akakohoa. "We malizia tovuti tu. Kesho toleo linatoka na sauti mpya, na ya zamani inaondoka. Si tulikubaliana?"

Tulikubaliana. Kaka mwenyewe alikuwa akitudai kila kikao: "Hii sauti yangu ya chura itoeni. Mtu anasomewa barua ya mapenzi, anacheka!" Sauti mpya ilikuwa yangu. Niliirekodi nimejifungia kabatini, nguo zimenizunguka ili zimeze mwangwi, nikisoma sentensi baada ya sentensi mpaka koo likakauka.

Nilipokata simu nikamsikia tena, na safari hii kompyuta yangu ilikuwa kimya.

"Mama, nimefika."

Ilitoka chumbani kwa mama.

Nilisukuma mlango. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miwani imemshuka puani, simu ameishika kwa mikono miwili.

"Karibu, baba," alikuwa akiiambia. "Pole na safari."

Nilikaa sakafuni karibu naye. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na kile kisanduku; mtu niliyekuwa nimemwandalia matusi yote yale alikuwa mama.

"Mama, kesho hiyo sauti inaondoka," nilisema. "Nitakurekodia hayo maneno kwenye simu, uwe unayasikiliza ukitaka."

"Ya kurekodi ni kanda, mwanangu. Hapa namwandikia leo, ananijibu leo."

"Basi niiache. Nitawaambia wasubiri."

Alinitazama juu ya miwani. "Mwenyewe alitaka nini?"

Nilikusudia kumdanganya, Mungu anajua. Mdomo ukanisaliti. "Alitaka itolewe."

"Itoe, basi. Mtoto akiomba kulala huachwa akalala."

Kesho yake alasiri Mzee Jana akaandika kwamba wote wako tayari, wananingoja mimi. Ukurasa ulipendeza: rangi tulivu, maelezo mafupi, kisanduku kile kile na chini yake jina la kaka, mwanzilishi. Nilibonyeza kitufe cha kuchapisha. Kaka akaondoka bila kuaga, kama mara ya kwanza. Nilimchukia Mzee Jana, nikaichukia tovuti, nikajichukia mimi kuliko wote.

Sikuwa nimefungua mdomo niliposikia sauti yangu mwenyewe ikisema, kule chumbani, "Mama, nimefika."

Nilingoja mama alie. Badala yake aliita, kwa ile sauti anayoulizia chumvi iko wapi.

"Karibu, mwanangu. Na kaka yako umemwacha wapi?"

Nilikwenda nikasimama mlangoni pake. Ningeweza kumwambia yuko nyuma, anakuja. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi. Katika nyumba hii watu walikwisha kusema ametangulia, ametutoka, amepumzika. Neno lenyewe hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Hakufika, mama."

Aliitazama simu, akanitazama mimi. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akakawia kuivaa tena.

"Basi nenda kaufunge ule mlango," alisema. "Upepo unaingia."

Nilikwenda. Kabla ya kusukuma komeo nilichungulia nje, mara moja tu.