Ngazi ya Mnara

Severina alipata kazi ya kumtunza mgonjwa ughaibuni kwa sababu ya Kiswahili. Bibi Hedwiga, mama mzazi wa mwajiri wake, madam Klara, aliwahi kuwa muuguzi hospitali ya misheni Peramiho enzi za ujana wake. Tangu apatwe na kiharusi, lugha nyingine zilikuwa zinamponyoka, ila Kiswahili kilimganda. Basi kutwa walishinda wawili kwenye fleti ya mtaa wa Marina, ghorofa ya juu kabisa, wakizungumza kama mtu na mjukuu wake.

Madam ndiye aliyesikia kwamba kwenye moli kumefunguliwa banda la miwani ya kompyuta: unaivaa, unajikuta ndani ya makanisa na makasri ya kale. Mojawapo lilikuwa kanisa kuu la mji wa kwao madam, la karne na karne. Akamwambia Severina ampeleke mama akachangamke.

Mhudumu wa banda, Mganda aitwaye Apollo, aliwauliza kama wanataka sauti ya kuwatembeza au watakwenda wenyewe. Bibi akasema kanisa alilobatiziwa haonyeshwi na mtu.

Severina akamvalisha Bibi miwani kwenye kiti chake cha magurudumu, naye akavaa yake. Nguzo zilipanda mpaka shingo ikamuuma, matao yamechongoka juu kama viganja vya mtu anayesali, na mwanga wa vioo vya rangi umemwagika sakafuni, mwekundu. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Akafanya ishara ya msalaba. Kando yake Bibi alikuwa akinong'ona, "Naja, Agata. Ningoje hapo hapo kwenye ngazi." Kisha sauti ikawa ya mbali.

Severina akaivua miwani. Kiti cha magurudumu kilikuwa kitupu. Bibi, ambaye tangu augue hakupiga hatua bila kushikwa, alikuwa mwisho wa chumba, akipapasa ukuta mweusi kutafuta mlango.

Aliposimuliwa, madam alilia kwa furaha kwamba mama ametembea. Severina akataka kujua Agata ni nani. Madam akasema ni dada wa mama. Alianguka kutoka mnara wa kanisa lile wakiwa watoto, akafa, na mama hakuwahi kumtaja.

Tangu hapo Bibi akawa anapapasa kuta za fleti. Alasiri moja Severina yuko jikoni, akahisi upepo wa joto umeingia ndani. Akakuta mlango wa roshani wazi, Bibi kapanda juu ya kigoda, mkono ukingoni, uso kauelekeza juu. Severina hakupiga kelele. Alimsogelea akimsemesha polepole mambo ya uji, mpaka akamshika kiuno.

"Anasema zimebaki ngazi chache," Bibi alimwambia.

Madam akaufunga mlango kwa ufunguo. Lakini haikupita wiki akaanza kusema kwamba daktari anataka mama afanye mazoezi, na kule moli mama alitembea. Severina alikuwa akikunja mashuka. Hakuinua macho.

"Madam, nitafanya kazi zote za nyumba hii. Mle simrudishi."

Madam akampeleka mwenyewe. Waliporudi, Bibi aliingia kwa miguu yake, mashavu yamepata rangi, na madam anacheka. Bibi akawapita wote wawili, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kioo wa roshani, akatikisa kitasa.

Severina akauchukua ufunguo, akauvaa shingoni, kisha akalikokota godoro lake na kulitandika mbele ya mlango ule. Madam alimtazama, kicheko kikamkauka. Akaenda kuleta godoro la pili.