Dohani ya Fundi Mfaume

Kwa majiko, Fundi Mfaume humwambii kitu. Kibiti hii, ukiona jiko banifu la udongo lenye dohani iliyotokeza juu ya paa, ujue mkono wake umepita hapo, na asipokusimulia mwenyewe basi siku hiyo anaumwa. Jiko likirudisha moshi ndani, anaitwa yeye, na kabla hajamaliza kikombe cha chai ameshajua lina nini.

Binti yake Sabra, aliyeolewa Mbwera, alirudi kwao kujifungua uzazi wa kwanza, kama ilivyo ada. Akapata mtoto wa kiume, mzima kabisa, wakamwita Faraji. Masika yalikuwa yamekaza, kwa hiyo mama yake, Mwanaidi, alimweka mzazi kwenye chumba chenye jiko la Mfaume, apate kuota moto na kukandwa maji ya moto mpaka arobaini yake itimie.

Siku ya tisa Sabra alimtuma mama yake kwa baba: jiko linarudisha moshi, mtoto anakohoa. Mfaume aliudhika, tusifichane. Jiko alilojenga yeye, nyumbani kwake mwenyewe! Hata hivyo alikwenda.

Sasa, chumba cha mzazi mwanamume haingii hivi hivi tu. Alipopiga hodi, Mwanaidi aliwahamishia Sabra na kichanga chumba cha pili, akafungua dirisha, akaacha mlango wazi ili fundi apate mwanga. Mfaume akapitisha tambara dohanini kwa mti mrefu, akatoa masizi kiganja kimoja. Akachoma kuti kavu mdomoni mwa dohani ipate joto, kisha akawasha moto. Moshi ukapanda wote juu, hata macho hayakumwasha. Akawaambia wanachochea kuni mbichi.

Kuni zikabadilishwa. Mkwewe Miraji, mumewe Sabra, alileta kwa boti kutoka Mbwera mikandaa mikavu, kuni za mikoko ambazo watu wa delta wanazisifu kwa kutokuwa na moshi. Haikupita siku ya tatu, malalamiko yakarudi. Mfaume akapanda juu ya paa na mvua yake, akaongeza dohani dhiraa nzima ili upepo usiusukume moshi chini. Akashuka, akaingia, akawasha. Jiko likavuta vizuri tu. Safari hii alifoka. Alisema kwa sauti, ili Sabra amsikie ng'ambo ya ukuta, kwamba wasichana wa siku hizi hata kuwasha moto hawajui. Sabra hakujibu. Baba ni baba.

Siku ya kumi na tisa Faraji alishindwa kunyonya. Kila akivuta pumzi mbavu zilibonyea. Wakamkimbiza zahanati kwa bodaboda, na tabibu alifanya kila aliloweza, lakini alasiri walirudi wamembeba ndani ya kanga, amefunikwa uso. Sabra alilia mpaka sauti ikamkauka.

Watu walisema kazi ya Mungu haina makosa, na ni kweli, lakini Mfaume roho haikutulia. Siku ya nne baada ya maziko alisukuma mlango wa chumba kile bila hodi, jambo ambalo hakuwa amelifanya maisha yake yote. Sabra alikuwa amelala humo, arobaini yake haijaisha. Dirisha limezibwa kwa gunia. Tundu za juu ya ukuta zimejazwa matambara. Chini ya mlango ilisokomezwa kanga kuukuu, naye ndio kwanza ameisukuma kando kwa mlango. Ndivyo mzazi anavyotunzwa, upepo usimwingie mwilini. Mwanaidi naye alitunzwa hivyo na mama yake. Moshi ulikuwa umetanda mpaka usawa wa kitanda, na sasa mlango ulipofunguka, ukaanza kurudi kwenye jiko na kupanda dohanini.

Mfaume akaitazama ile kanga sakafuni. Moto nao unataka kuvuta hewa, na wateja wote huwaambia waache upenyo. Kwake hakusema, maana kila alipoingia mlango ulikuwa wazi.

Akaenda kuchukua jembe, akalivunja jiko. Mwanaidi alipokuja mbio, alimwambia ni ufundi mbaya, alikosea kulijenga. Alidanganya kwa kumwonea huruma, kwani ile mikono iliyoziba chumba ni ya mkewe.

Mwanaidi alifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Basi Mungu akimjaalia mwingine, nitamwekea jiko la mkaa, Baba Sabra. Halina moshi. Na chumba nitakiziba, hata sindano isipite."

Mfaume aliweka jembe chini; mkaa kwenye chumba kilichozibwa huua hata bila moshi. Angeweza kunyamaza, na Mungu anajua alitamani.

"Kaa kitako, Mama Sabra," alisema. "Nimekudanganya. Jiko lilikosa hewa. Chumba mlikifunga ninyi, na mimi sikuuliza hata mara moja mnakaaje humu nikishatoka."

Mwanaidi alikaa pale pale kwenye vifusi. Kisha akauliza kama mlango ungeachwa wazi mtoto angeishi.

Sabra alikuwa ameinua kichwa kitandani, anasikiliza. Mfaume akajibu, ndiyo.