Nne ya Wobbe

Alhamisi saa nne asubuhi Baukje Wiarda alimimina kahawa vikombe viwili, akatoa biskuti moja kwa kila kikombe, akafunika kopo kama inavyopasa: huku kila mtu hupewa moja tu. Baada ya dakika chache babu wa baba yake, Wobbe, alipanda kutoka mtaroni, akakamua kofia na kuketi kando yake kwenye benchi. Baukje alikuwa na miaka sitini na mmoja. Wobbe alikuwa na thelathini na mmoja, umri aliokuwa nao alipozama na kufa mwaka 1915 akifunga bawa la mwisho la kinu cha upepo kilicho mbele ya benchi hilo.

"Umenenepa, mjukuu wangu."

"Na wewe bado unanuka tope, babu."

Kinu chenyewe ni kidogo: gogo lililolazwa mshazari, kichwani mabawa manne, chini pipa la mbao lenye ubao uliojizungusha ndani kama skrubu, unaopandisha maji kutoka malishoni hadi mtaroni. Mtu mmoja anaweza kukigeuza kikabili upepo. Kilikuwa kimetoka kukarabatiwa, na Jumamosi kingezinduliwa pamoja na kibao kipya chenye jina la aliyekijenga. Baukje alitaka liwe la Wobbe. Kibao kilikuwa kimeagizwa kwa jina la Ids Roorda, seremala tajiri aliyemwajiri Wobbe. Kwa maelezo ya Wobbe, Ids alifika hapa mara mbili, ya pili kuchukua ngazi yake.

Gosse, katibu wa chama cha vinu, alikuja na faili. Alimpa Wobbe mkono, kisha akaupangusa kwenye suruali.

"Mkataba una saini ya Ids," alisema. "Wewe una karatasi gani?"

"Ninayo mfukoni. Siku hizi ni uji."

"Basi tazama viungo," Baukje alisema. "Seremala huchonga namba kwenye kila kiungo ili asikosee akiunga. Ids aliandika nne IV, nenda kaone boriti za paa la kanisa. Hapa ni IIII, kila mahali."

Gosse aliinama chini ya gogo, akatazama kwa muda.

"Kwa nini mistari minne?"

"Mti hugeuzwageuzwa," Wobbe alisema. "Ile nyingine ukiipindua unaisoma sita. Ids alishawahi kuweka mlango wa zizi juu chini."

Gosse alipiga picha. "Inapendeza. Lakini mistari si saini, Baukje, unajua mwenyewe." Alilitupia jicho kopo la biskuti. Lilikuwa limefunikwa.

Jumamosi hapakuwa na upepo. Kwa desturi ya vinu, siku ya furaha bawa la juu husimamishwa kabla halijafika wima. Siku ya msiba, likiwa limeshapita. Gosse aliliweka mwenyewe kwenye furaha, akalifunga kamba. Kitambaa kilichofunika kibao kikavutwa, jina la Ids likaonekana, watu wakapiga makofi. Bawa likasogea taratibu, likapita wima kwa upana wa viganja viwili, likasimama. Kamba ilikuwa bado imefungwa, fundo lilelile. Gosse alilirudisha, akaongeza kamba ya pili. Likapita tena. Mara ya tatu keki ilikuwa imeshakatwa, wakaliacha.

Kijitabu cha chama kilichapishwa upya. Ukurasa wa tatu unasema kwamba kinu hiki kilijengwa na Ids Roorda, na kwamba hapa mkao wa msiba huhesabiwa kuwa wa furaha. Harusi mbili zimeshapigiwa picha chini yake.

Alhamisi iliyofuata Wobbe alisimama mbele ya kibao, maji yakimchuruzika, akakijaribu kwa kidole gumba kama kinatikisika.

"Kimeshika vizuri," alisema alipoketi. "Skrubu nne."

Baukje alimimina kahawa. Kisha akafungua kopo tena, akampa biskuti ya pili.