Beseni la Bluu

Mashine ya kufulia ilipoingia nyumbani kwa Jackline, pale Uyole, mtaa mzima ulijua. Hata jirani aliyekuja kuazima chumvi alipelekwa kibarazani akaione ikizunguka. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ilifua kweli.

Baba mkwe wake, Mzee Anania, akaja kutoka Rungwe kutibiwa jicho. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawazoeani. Jackline alimsalimia akiwa nyuma ya pazia, amepiga magoti, na chakula kilipelekwa mezani na mumewe, Yotamu. Jackline mwenyewe si Mnyakyusa, kwao ni Tosamaganga, lakini mila hiyo alikabidhiwa siku ya harusi pamoja na beseni la bluu. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alimwambia, "Nguo za baba yako ufulie humu, mwanangu. Zisikutane na zako."

Jumamosi maji yalikuwa ya baridi ya kukata vidole. Jackline akalitazama beseni, akaitazama mashine.

"Mashine haina mkwe," alimwambia Yotamu, akacheka.

Akashindilia vyote pamoja: suruali za mumewe, mashuka, sweta zito la mzee, na nguo zake mwenyewe za ndani. Kijitabu cha mashine kilisema sidiria zifungwe vishikizo na kutiwa kwenye mfuko wa wavu, maana vishikizo hunasa kwenye nguo nyingine. Nani alikuwa na muda wa kusoma? Akaanika harakaharaka bila kukung'uta.

Jumapili mchana wazee wa kanisa walikuja kumjulia hali mgonjwa. Mzee Anania aliona baridi, akaomba sweta lake. Akapitisha mkono. Kabla vidole havijatokea, ukatokea mkanda wa sidiria, mwekundu, ukaning'inia mbele ya wageni.

Yotamu aliangalia dari. Mzee mmoja alikohoa. Nyuma ya pazia Jackline alitamani ardhi impasukie, akajiuma kiganja asilie kwa sauti.

Mzee Anania akarudisha mkono taratibu, akalivua sweta, akalikunja na kilichokuwa ndani yake.

"Leo kuna joto," alisema, akakaa na shati tupu, anatetemeka.

Asubuhi Yotamu alipokwisha kwenda kazini, Jackline alisikia maji uani. Akachungulia. Mzee Anania, bandeji jichoni, alikuwa amechuchumaa kwenye beseni la bluu akifua sweta lake. Juu ya mashine kulikuwa na leso yake nyeupe, imefunika kitu kidogo. Jackline alikijua, na hakuthubutu kukigusa.

"Baba, niachie mimi," aliomba kutoka nyuma ya mlango. Kumsogelea amnyang'anye beseni hakuweza, mila ilimkataza.

"Usijisumbue, mwanangu," mzee alijibu bila kugeuka. "Mimi nimezoea hivi hivi."

Jirani wa chumvi alikuwa ameshafika uzioni, macho yamemtoka kumwona mkwe mgonjwa akijifulia.

"Jackline! Kulikoni? Mashine imekufa?"

Jackline aliangalia chini.

"Imekufa, dada," alisema.