Vikanyagio vya Nyuma

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na pikipiki ya Bujumbura ikivunjika huletwa kwangu. Zizi langu ni ua ulio nyuma ya duka la vitambaa, Quartier Asiatique, wenye lango la bati. Kampuni ya bima ilinipa ua huo na cheo cha eksperi. Kazi yangu ni kukagua pikipiki zilizopata ajali, kusema kilichovunjika na sababu yake, na kama chombo kinatengenezeka au kimekuwa chuma chakavu. Mimi husema hayo kwa lugha ya adabu. Wenye pikipiki wakitoka hapo hunitukana kwa lugha nyingine.

Sikujali. Vita vilikwisha kunizoesha kutosalimiwa. Mke wangu Mwantum alikuwa amewachukua watoto akaenda nao Kigoma kwa kaka yake, akaniambia nifunge kazi nimfuate. Nikamjibu kwamba nitakuja hali ikitulia. Hali haikutulia, nami sikwenda. Siku ya safari watoto walitangulia na teksi, yeye nikampakia mimi hadi bandarini, na tangu siku hiyo pikipiki yangu haikubeba mtu mwingine. Nilitoka nyumbani nikaenda msikitini, nikatoka msikitini nikaenda uani, nikanywa chai nimesimama. Nilikuwa mpweke, sioni haya kusema. Pikipiki mbovu angalau hazikunionea huruma.

Nina desturi moja katika kazi: simsikilizi mwenyewe kabla sijakisikiliza chombo. Watu husema uongo hata pale ambapo ukweli ungewafaa. Bomba lililopinda halina ukoo wala chama.

Kwa hiyo Mathilde alipoingia asubuhi ile, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheusi kichwani, nilimwonyesha kiti tu. Nilijua ni mjane wa Callixte, seremala wa Mutakura, na kwamba pikipiki iliyokuwa mbele yangu ndiyo iliyomuua, alfajiri, kwenye barabara ya Gatumba, mbele kidogo ya Kajaga.

"Mzee," alisema, "banasema we ndiye unasomaka pikipiki."

"Kaa kwanza, mama. Niache nimalize."

Nilianza mbele. Shokapu zilikuwa zimerudi nyuma mpaka gurudumu likagusa injini. Usukani umejikunja, tangi limebonyea pale magoti yanapobana. Marehemu aligonga kitu kikubwa kilichosimama, lori bila shaka, yale malori yanayolala barabarani bila taa kana kwamba njia ni ya baba yao. Na alishika breki mpaka mwisho. Hakuwa mzembe.

Nikaenda nyuma, na hapo nikasimama. Vikanyagio vya abiria vilikuwa vimeshushwa. Mtu aliye peke yake huviacha vimekunjwa, kwani vikiwa chini humgonga miguuni akiisukuma pikipiki. Hivi vilikuwa vimeshuka kabla ya ajali. Tope lilikuwa limerukia pande zote isipokuwa juu, pale nyayo zilipokuwa zimevifunika. Tena kile cha kushoto kilifungiwa kipande cha mbao, kimepigwa randa vizuri, kimezungushiwa ukanda wa mpira wa tairi. Nimekwisha kuona pikipiki zilizofungwa mbuzi, godoro, hata jeneza. Kitu kama kile sikuwahi kukiona.

Mwaka ule watu walikuwa wakikimbia watatu watatu kwenye kiti kimoja, ajali zikazidi, na kampuni ikaweka sharti: aliyempakia mtu bima haimlipi. Ningeandika neno abiria, mjane huyu angeondoka mikono mitupu.

Nikamtazama pale kwenye kiti, mikono mapajani, viatu vimejaa vumbi la kutembea kutoka Mutakura. Mimi ambaye mji mzima haunijui kwa huruma niliamua kuwa na huruma. Nikakikunja kikanyagio cha kulia kwa mguu, tap, kikaingia mahali pake. Cha kushoto kikakataa kwa sababu ya ile mbao. Nikatoa kisu niukate ukanda.

"Unafanya nini, Mzee?"

"Nakusaidia. Hapa hakukuwa na abiria, umenielewa? Bwana wako alikuwa peke yake. Nikiandika hivyo, asiransi italipa."

Nilingoja shukrani. Badala yake alinyanyuka akanishika mkono wenye kisu, na kwa wembamba ule sikutegemea nguvu zile.

"Apana! Apana, Mzee! Peke yake, ndiyo neno batu banasema kila siku. Ndiyo neno inaniua."

Nikashusha kisu. Yeye hakunitazama tena. Alikuwa ameiona ile mbao. Akapiga magoti kwenye udongo wenye oili, akaipapasa kwa kidole gumba, akafuata kingo zake, akaanza kulia bila sauti.

"Hii ni mukono yake," alisema. "Callixte ndiye alitengeneza hii. Epiphanie iko na muguu moja mufupi, ya kushoto. Tangu mutoto."

Ndipo aliponieleza. Epiphanie alikuwa jirani yao, muuguzi, aliyewafunga vidonda watu wa pande zote bila kuuliza ni wa upande gani, na kwa kosa hilo jina lake likaanza kutajwa na wale ambao wakikutaja hulali tena nyumbani. Callixte alimwahidi kumfikisha mpakani mwa Kongo. Asubuhi ile wote wawili hawakuonekana. Mchana ikaja habari kwamba Callixte amekutwa barabarani, amekufa, yuko peke yake. Mutakura yote ikahukumu: seremala aliogopa, akamwacha mlemavu mikononi mwa wanaomtafuta, akakimbia kuokoa roho yake.

"Dada yake, Chanelle, tunapakana uzio," Mathilde alisema. "Tulikuwa tunapeana makaa kila asubuhi. Sasa hanipatie. Mi nawasha na karatasi, kama mugeni. Batoto bananiuliza, mama, papa aliacha mutu?"

Nani hajui maana ya kunyimwa makaa na jirani? Ni kuambiwa umekufa, ila bado unapika.

Nikakishusha tena kile kikanyagio cha kulia. Niliona aibu, na aibu ikinishika huwa mkali.

"Sikiliza, mama. Nikiandika ukweli hupati kitu. Pikipiki yenyewe haifai tena, ni chuma chakavu. Utabaki na nini?"

"Andika."

Nikaandika: abiria mmoja, mguu wa kushoto mfupi. Nikagonga muhuri, nikamwambia nitampa nakala amwonyeshe huyo Chanelle.

"Karatasi atasema nilinunua," alijibu. "Njo useme na kinywa yako. We eksperi, huna ndugu kwetu. We atakusikia."

Nilitafuta udhuru, nikapata mwingi: barabara, askari, jua, swala ya adhuhuri. Muda mrefu sikuwa nimefika mahali panaponihitaji. Kisha nikachukua spana, nikakifungua kikanyagio cha kushoto pamoja na mbao yake, nikakitia mfukoni. Bwana mkubwa wa ofisi akikihitaji, aje anidai.

Kumbe kazi ilikuwa bado. Vikanyagio vya nyuma vya pikipiki yangu mwenyewe vilikataa kushuka. Nilivivuta, nikavipiga teke, nikavitia oili. Vilikuwa vimeshikwa na kutu vikiwa vimekunjwa, vile vile nilivyovikunja bandarini Mwantum aliposhuka. Ikabidi nilete nyundo. Cha kulia kikashuka, cha kushoto kikapiga ukelele, kikashuka nacho.

"Asiransi haitalipa," nilimwambia akipanda upande upande.

"Hata Callixte, hakuna mutu alimulipa."

Kiti kikashuka kidogo nyuma yangu kwa uzito wa mtu. Nilikuwa nimesahau jinsi inavyokuwa. Nikashukuru kwamba dereva haonekani uso.

Chanelle tulimkuta akifua mlangoni. Alipomwona Mathilde akageuza mgongo. Sikusubiri kukaribishwa. Nikajitaja jina na kazi, nikamwambia kwamba sina ndugu katika jambo hili, nikatoa kile chuma mfukoni nikamwekea mkononi.

"Kilikuwa kwenye pikipiki ya seremala," nilisema. "Upande wa kushoto. Kilikuwa kimeshushwa, na mguu ulikuwa juu yake walipogonga."

Alikigeuza. Akaipima ile mbao kwa vidole vyake, kama mtu aliyezoea kupima soli ya kiatu cha dada yake kabla ya kukipeleka kwa fundi. Alipima tena. Maji ya sabuni yalikuwa yakimdondoka kiwikoni.

"Iko muzima?" aliuliza.

"Pikipiki hainiambii hilo, binti yangu. Kama ingeniambia ningekwambia. Inaniambia kwamba hakuachwa."

Chanelle akaingia ndani. Tulisimama pale juani, mjane na mimi, hakuna aliyemtazama mwenzake. Nilidhani amejifungia. Kisha akatoka na kigae cha chungu, juu yake makaa matatu mekundu, akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni nguzo ya uzio, akamnyooshea Mathilde kwa mikono miwili.

"Pokea," alisema. "Batoto habajakula."

Mathilde akapokea. Hawakukumbatiana, makaa yalikuwa katikati yao. Walilia wamesimama, kila mmoja akishika upande wake wa kigae, na hapo nikajua kwamba kazi yangu imekwisha.

Nilirudi mjini peke yangu. Kiti kilikuwa kimepanda tena, chepesi. Katika kila shimo la barabara vile vikanyagio viligonga, kulia na kushoto, chini ya miguu ya mtu ambaye hayupo. Nilipofika uani nilishuka, nikainua mguu nivikunje kama kawaida. Nikakumbuka neno nililomwambia yule binti. Hakuachwa. Mke wangu angesema nini, akiulizwa?

Sikuvikunja. Niliviacha chini, nikaingia ndani kutafuta karatasi ya kumwandikia Mwantum kwamba nakuja.