Uwazi wa Mheshimiwa

Jumatatu asubuhi, wiki tatu kabla ya uchaguzi, Brashi alikoroga gundi ya unga kwenye sufuria kuukuu, akaiacha ipoe, kisha akatoka na ngazi kubandika mabango. Kazi yake ilikuwa kuchora vibao vya maduka. Hakuna kinyozi mjini ambaye hakuwa na vichwa vya Brashi ukutani. Safari hii aliwachorea vijana waliodai uchaguzi huru, kwa sababu naye alikuwa na lake moyoni.

Bango lilimwonyesha Mheshimiwa amekaa kitini, na tumboni ana dirisha. Ndani yake yalionekana madawati ya shule, mabomba ya maji, masanduku mawili ya kura na mtungi wa oksijeni. Chini Brashi aliandika: KURA SI KULA.

Mtungi ulikuwa wa zahanati. Ulifika, ukapigwa picha na Mheshimiwa, ukaondoka na Mheshimiwa. Mwezi uliofuata dada yake Brashi alijifungua salama, akakosa pumzi, akafia mikononi mwa shangazi yao, aliyekuwa mkunga pale.

Jumatano Mheshimiwa aliamka na tumbo la kioo. Mkewe alimwambia ajihadhari na kona za meza. Alivaa shati, shati likawa la kuonyesha sehemu ile. Akaongeza koti, nalo vilevile. Kwa kuwa alikuwa na mkutano saa nne, alikwenda hivyo hivyo.

Watu walisogea kutazama. Kila kitu kilikuwamo, kimepangwa vizuri kuliko stoo yoyote ya serikali. Mwalimu mkuu aliyatambua madawati yake kwa rangi. Fundi bomba aliyakagua mabomba, akasema yametimia.

"Mnaona?" msemaji wa Mheshimiwa alisema kwenye kipaza sauti. "Wapinzani wanaimba uwazi, uwazi. Nani kati yao ana uwazi kama huu? Mali yenu ipo, haina hata mkwaruzo!"

Makofi yakapigwa. Mwalimu mkuu naye alipiga, kwani ni kweli, madawati hayakuwa na mkwaruzo.

Shangazi alipenya hadi mbele na sare yake ya kazi, akaweka sikio kwenye kioo, akasikiliza.

"Umejaa," alisema. "Mheshimiwa, naomba mtungi wangu."

"Mama, si unauona?"

"Nauona."

"Basi. Wangapi huko kwingine hata kuuona hawauoni?"

Umati ulicheka. Mtu mmoja nyuma alimwambia shangazi asimchoshe mgombea.

Jioni shangazi alimkuta Brashi kibarazani akisugua rangi mikononi kwa mafuta ya taa.

"Umechora vizuri, mwanangu. Vizuri mno. Wamempenda."

"Nilitaka wamwone alivyo, shangazi."

"Wamemwona."

Kesho yake Brashi alitoka na ndoo ya maji kuyabandua mabango, lakini chama kilikuwa kimeshayachapa upya, makubwa zaidi, yenye neno moja tu: UWAZI. Vijana wa uchaguzi huru walikutana kwa dharura, wakalaani vikali, wakapiga picha ya pamoja.

Siku ya kura watu walipanga foleni tangu alfajiri. Ilipofika saa kumi jioni, masanduku tumboni yalikuwa tisa. Msimamizi wa uchaguzi alimfuata Mheshimiwa nyumbani kwake na tochi, akazisoma kura kupitia kioo mbele ya mawakala wa vyama vyote. Wote walisaini, maana utaratibu hausemi popote kura zihesabiwe zikiwa wapi. Mheshimiwa alishinda. Waangalizi walisema hawajawahi kuona hesabu iliyo wazi namna ile.

Baada ya kuapishwa alibandika ratiba getini kwake. Jumatatu, wanafunzi waje waone madawati. Jumatano, watu wa maji. Alhamisi, zahanati. Walikuja kwa zamu, wakasimama, wakatazama, wakarudi makwao wakisema kiongozi wao hana siri.

Jumanne moja mke wa fundi bomba alijifungua, akaanza kutweta. Shangazi na Brashi walimlaza kwenye mkokoteni, fundi bomba akasukuma hadi getini. Mheshimiwa alikuwa barazani anakunywa chai. Mtungi ulionekana kutoka barabarani, mshale wa kipimo umesimama mwisho kabisa.

Mlinzi aliisoma ratiba kwa kidole.

"Zahanati ni Alhamisi, mama."

"Huyu hafiki Alhamisi," shangazi alisema.

Mlinzi alimtazama mgonjwa, akatazama barazani. Hakuwa mtu mbaya.

"Basi mwinueni kidogo," alisema. "Mkimwinua, atauona kutoka hapa hapa."

Walimwinua. Aliuona.